Jina Langu Katika Daftari la Mihogo

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na nane. Cheka umalize, halafu soma. Wengine wakiondoka kazini hupewa keki na saa ya ukutani. Mimi niliondoka na mfuko wangu, na hata huo ulipekuliwa getini kabla sijatoka. Daktari ameniomba niwaandikie ninyi wasichana wawili mliochukua nafasi yangu pale kituoni Bwera, niwaeleze kazi ilivyo. Nadhani alitaka habari za kusafisha koleo na kufunga mifuko ya majani. Hizo nitazitoa. Lakini siku moja mtafunua daftari la nyumba ya nailoni, mtaona jina langu, na sitaki mwelezwe na mtu mwingine.

Nilianzia Rukoki, karibu na mji wa Kasese, mwaka niliomaliza senior six. Babu yangu alitoka magharibi ya Kenya kuja kuchimba shaba Kilembe, ndiyo maana nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, na ndiyo maana hata leo watu wa hapa hawajui waniweke kabila gani. Nyumba aliyoachiwa na mgodi ilichukuliwa na mto Nyamwamba. Karo ya chuo ilikuwa haipo hata kabla ya mto. Kwa hiyo niliposikia kituo cha utafiti wa mimea kinatafuta mtu anayejua kusoma saa na asiyeogopa matope, nilikwenda.

Aliyenipokea ni Mzee Baluku, msimamizi wa mashamba, mtu aliyekulia katika pamba. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama nina pete. Nikasema sina.

"Nzuri," akasema. "Pete inakwaruza majani. Na jani ikikwaruzwa, inasema."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Alinipa vitu viwili: koleo ndogo yenye meno, na daftari. Akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo, wakati mwingine kwa kulipenda, wakati mwingine kwa kutaka kumtupia usoni. "Daftari haitaki huruma, binti. Inataka jina na saa."

Sasa kazi. Sisi tulikuwa wadudu wa kulipwa. Mdudu anatafuna jani anapotaka. Sisi tulibana jani kwa koleo mara moja, kwa nguvu ile ile, katika dakika iliyoandikwa. Ukibana vibaya usirudie. Andika kwamba umebana vibaya, uende kwenye mmea mwingine. Futa meno ya koleo kwa spiriti kila baada ya mmea, hata kama hakuna anayekuona. Halafu unangoja. Ikifika saa yake unakata jani, unalifunga, unalitumbukiza kwenye naitrojeni, ile ya baridi inayotoa moshi, iliyo katika mkebe kama wa maziwa. Baridi yake inaunguza kama moto. Wiki ya kwanza ilinitoa ngozi ya kidole gumba. Mzee Baluku akanitazama ninavyokipuliza kidole, akasema, "Sasa umejua iko baridi." Hayo ndiyo mafunzo ya usalama niliyopata.

Majani yaliyoganda yalipelekwa kwa boda mpaka Kasese, yakapanda basi kwenda maabara ya mji mkuu, na baada ya wiki kadhaa yalirudi majibu. Majani yaliulizwa swali hili. Daktari, bosi wetu, alinichorea siku moja kwenye ubavu wa katoni. Ndani ya jani kuna jeni za ulinzi. Hazitengenezwi siku jani linapoumia. Zipo siku zote, zimefungwa. Kuna protini inayozizuia, imekaa mlangoni. Jani likibanwa au likitafunwa, mmea unatengeneza homoni inayoitwa jasmoneti. Homoni hiyo inafanya yule mlinzi wa mlangoni atiwe alama, avunjwevunjwe, atupwe. Mlango ukiwa wazi, jeni zinaanza kuandika ujumbe, na ujumbe unageuka protini zinazomvuruga mdudu tumbo. Maabara inasoma ule ujumbe. Na habari haikai pale pale palipoumia. Bana jani la chini, na la juu ambalo hujaligusa linapata habari ndani ya dakika chache.

"Kwa hiyo jani haliwezi kudanganya," nikamwambia.

"Jani halidanganyi," Daktari akasema. "Watu ndio wanadanganya kuhusu jani."

Nilicheka. Ningejua, ningekaa macho tangu siku ile.

Niliolewa Bwera, na kituo kikafungua nyumba ya nailoni, ile ya kukuzia mimea, huko huko, kwa ajili ya mihogo. Mzee Baluku alihamishwa pia. Mihogo ilipandwa kwenye ndoo, mistari minne. Miwili ilikuwa ya kubanwa, miwili ya wazima, isiyoguswa na mtu mpaka saa ya kukatwa jani la kupima. Shikeni hapo: bila wale wazima, wale wa kubanwa hawana maana. Huwezi kusema huyu anapiga kelele kama hujui kimya kikoje. Funguo zilikuwa mbili, moja kwa Mzee na moja kwangu. Mlinzi alikuwa Afande Thembo, aliyewahi kuwa jeshini na bado anaongea kama yuko huko. Nikamzaa Joy, nikarudi kazini mtoto akiwa mchanga, maziwa yakinilowesha blauzi ifikapo saa nne. Sikukosa siku hata moja. Nayasema haya kwa sababu baadaye yalisahaulika haraka.

Joy alipotimiza mwaka mmoja na nusu hivi, asubuhi moja Mzee alisimama katika mstari wa wazima, akiwa amekunja uso.

"Jana hii ndoo ilikuwa na majani kumi na moja. Leo iko kumi."

Muhogo ukipata joto unadondosha jani la chini. Kila mwenye shamba Bwera anajua. Na Afande alikuwa anafagia kila jioni, kwa kuwa Daktari hapendi takataka. Lakini hakuna aliyesema hivyo, na mimi sikusema kwa sababu sikujua kama kuna kesi. Jioni ile nilifika getini.

"Fungua," Afande akasema.

Nikafungua mfuko.

"Toa. Weka chini. Hii ni nini?"

"Chakula changu, afande. Nilishiba, nimebakisha."

"Chakula gani?"

"Sombe."

Kama hamtoki huku, sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, tunayala na samaki, tunayala na maharage, tunayala bila kitu. Afande akapaza sauti. "Mzee, kuja uone. Ushahidi iko hapa, na mawese juu."

"Afande, Bwera nzima iko na sombe leo," nikamwambia. "Enda ukamate soko yote."

"Soko haina ufunguo ya nyumba ya nailoni. Wewe uko nayo."

Mzee Baluku akaja. Akainamia kopo langu, akachovya kidole, akaonja. Ndiyo, alionja ushahidi. "Imepikwa vizuri," akasema. Halafu akafungua daftari, akaandika mbele yangu kwa wino: Majani yanapungua mstari wa wazima. Anayeshukiwa: Mama Joy. Saa kumi na moja jioni.

"Mzee, umenifundisha kazi wewe."

"Ndiyo maana natumia kalamu," akasema.

Kuanzia kesho yake alihesabu majani ya ndoo zote. Macho yake si mazuri tena, kwa hiyo alihesabu kama walivyohesabu vitumba vya pamba zamani: anashika jani kati ya kidole gumba na cha shahada, analisugua kidogo, anataja namba kwa Lhukonzo, lugha ya huku, chini ya pumzi, anapanda kwenye jani linalofuata. Ndoo kwa ndoo, asubuhi na jioni. Nilisimama nyuma yake mara nyingi. Nilichokiona ni mzee mwangalifu. Hata mimi nilikuwa nikitafuta mwizi, kwa hiyo sikuona zaidi ya hapo.

Majibu yakarudi. Wazima wetu, wasiobanwa, jeni zao za ulinzi zilikuwa zimefunguka. Walikuwa wakipiga kelele kama walioumizwa. Daktari alipanda gari akaja mwenyewe. Alipita kati ya mistari mikono ikiwa mgongoni, akasema, "Kuna mtu anagusa mimea yangu." Hakunitazama, na mtu akikwepa kukutazama hivyo unajua amekwisha kukutazama.

Kwanza alinishuku harufu. Ile jasmoneti ina ndugu yake anayeruka hewani, na ndugu huyo ananukia yasmini. Hata watengeneza manukato wanamtumia. Mimea ikimvuta inafungua jeni zake bila kidonda. Daktari akaniomba mkono, akaunusa.

"Unapaka nini, Mama Joy?"

"Mafuta ya mtoto, Daktari. Namnyonyesha, akinishika ananipaka."

"Yana yasmini?"

"Yana picha ya ua."

Nikayaacha. Nikaoga kwa sabuni ya mche, nikanuka kama fulana iliyofuliwa, na mtoto wangu akawa ananigeuzia uso. Mzee akaendelea kuhesabu, safari hii kwa bidii zaidi, maana sasa kulikuwa na mwizi aliyethibitishwa na sayansi. Majibu ya pili yakaja na kelele zaidi. Harufu imeondoka, kelele imezidi, basi aliyebaki ni mwenye mikono.

"Kaa nyumbani kidogo, Mama Joy," Daktari akasema, "mpaka tuelewe." Afande akanipokonya ufunguo kabla sentensi haijaisha.

Jueni Bwera ilivyo. Bombani mwanamke mmoja alinipisha kwenye foleni kwa heshima za kejeli. "Mupisheni, huyu anakula sombe ya Daktari." Niliomba kazi kwenye kitalu cha kahawa. Mwenye kitalu alipenda mikono yangu, akaniuliza msimamizi wangu alikuwa nani, akapiga simu mbele yangu. Alipokata simu alianza kunieleza kwamba msimu huu mvua si nzuri. Ndipo nikaelewa kilichoandikwa kwa wino. Sikuwa na chuo, sikuwa na mjomba mkubwa. Nilikuwa na jina tu, kwamba nikishika kitu kinashikwa vizuri, na jina hilo lilikuwa limekaa kwenye daftari la Mzee karibu na neno "anayeshukiwa".

Nikaanza kushuku watu wote. Niliwashuku mbuzi wa Afande. Nilimshuku Mzee kwamba anauza vipande vya mihogo ng'ambo ya mpaka. Nilimshuku mume wangu, ambaye kosa lake ni kuuliza mara moja tu, kwa upole, kama kweli sikuchuma hata kajani kamoja.

Siku hiyo hiyo nilikaa nyuma ya nyumba na mama mkwe. Joy aliona boga changa, akalinyooshea kidole. Bibi yake akamdaka mkono, akaukunja.

"Boga haionyeshwi kidole, mutoto. Itaoza. Onyesha na ngumi."

Hata bibi yangu Kilembe alikuwa hivyo. Nimesoma biolojia mpaka senior six, najua boga changa huoza kwa inzi na kwa ua kukosa nyuki. Nikafungua mdomo niseme hivyo. Nikaufunga. Nilikuwa naangalia kile kidole kidogo kilichokunjwa, na nikawaza: ni nani anaipelekea mihogo yetu kidole, jani kwa jani, mara mbili kwa siku? Na pale karibu na uzio kulikuwa na kifauwongo, ule mmea unaojikunja ukiguswa, ambao kila mtoto amewahi kuuchokoza. Nikaugusa. Ukajikunja. Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikaenda kituoni na kandambili.

"Wewe umezuiwa," Afande akasema.

"Nimezuiwa kuingia. Sijazuiwa kuongea. Muite Daktari, yuko ndani, gari yake naiona."

Daktari akaja getini, na Mzee nyuma yake. Niliongea nikiwa nje ya mlango wa chuma, kama mgonjwa anayetembelewa.

"Daktari, nyuma ya pipa la maji kuna ndoo sita za wazima. Umewahi kuzipima?"

"Hapana. Haziko kwenye mpango, ni za akiba."

"Kama mimi ni mwizi, ningeiba wapi? Ningeiba pale nyuma, ambapo hakuna mtu anaona. Na kama ni mafuta yangu, hewa ni moja, nazo zimeyavuta. Kwa hiyo hizo sita zinatakiwa kupiga kelele kushinda zote. Zipime."

"Na zikiwa kimya?" Daktari akauliza.

"Zikiwa kimya, uliza ni kitu gani zimekosa. Mzee hapiti nyuma ya pipa. Tumbo haliruhusu."

Afande akacheka, akajikaza. Mzee Baluku hakucheka.

"Mimi nagusa polepole," akasema.

"Kila jani, Mzee. Asubuhi na jioni."

"Polepole," akarudia, na akaiangalia mikono yake. Akaiingiza mifukoni.

Daktari alizipima zile sita. Zilikuwa kimya. Lakini kimya cha ndoo sita hakikunitosha, kwa hiyo nikataka jaribio kamili, na masharti niliyaweka mimi. Ndoo mpya. Nusu Mzee azihesabu kama kawaida yake, nusu asizikaribie. Ufunguo mmoja, akae nao Daktari. Mimi nisikanyage ndani hata mara moja, nisije nikaambiwa nimeroga. Nilikuwa nikichungulia kupitia nailoni, kutoka nje. Hata kabla ya maabara kujibu, macho yaliona: mihogo iliyohesabiwa ilibaki mifupi, minene ya shina, kama mtoto aliyesemwa sana. Maabara ikajibu hivyo hivyo. Zilizoguswa, jeni zilikuwa wazi. Nyingine, kimya.

Kwa hiyo, wasichana, kazi ni hii: hesabuni kwa macho. Macho yakishindwa, pigeni picha kwa simu mkahesabie mezani. Msishike jani la mzima hata kwa mapenzi. Tulikuwa tunamtafuta mtu anayeumiza mimea, na kadiri tulivyotafuta ndivyo mimea ilivyoonyesha kwamba inaumizwa. Tungeendelea hivyo, ningefungwa.

Daktari alifurahi. Niseme ukweli, alifurahi sana, alikuwa amepata jambo jipya la kuandika. Mimi nilikuwa nimepishwa bombani kama mkoma, yeye akaniambia, "Samahani kwa usumbufu, Mama Joy, rudi kazini." Nikarudi. Nilifanya msimu mmoja, kwa koleo safi. Na kila jioni Afande akasema fungua.

"Afande, bado?"

"Amri haijafutwa."

"Nani aifute?"

"Aliyeitoa."

Hakuna aliyejua ni nani aliitoa. Hapo nikaamua kustaafu. Nyumbani nilikuwa nimeanza kuhesabu vipande vya sabuni nikimtazama mama mkwe kwa jicho la pembeni, na nikajua ugonjwa huo nimeutoa wapi.

Siku ya mwisho nilimwomba Mzee Baluku daftari. Alijua ukurasa, ulifunguka wenyewe. Jina langu lilikuwa limepigwa mstari. Kwa penseli.

"Uliniandika kwa kalamu," nikasema. "Umenifuta kwa penseli."

"Penseli ndiyo ilikuwa karibu."

"Kalamu ilikuwa karibu siku ile."

Kisha akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akanipa, akanisogezea kiti. Nilijua anangoja nimwonee huruma. Amezeeka, macho yamekwisha, na kazi hii ndiyo inamtoa kitandani asubuhi. Alinifundisha kila ninachokijua. Nilipiga mstari juu ya jina langu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Chini yake nikaandika: Hakuna jani lililoibwa. Aliyegusa majani: Baluku. Saa: moja asubuhi.

Nikamgeuzia asome. Aliliinua daftari karibu na pua, akasoma polepole, midomo ikitembea, neno kwa neno. Nilikuwa tayari kwa lolote atakalosema.

"Haijakamilika," akasema, akalirudisha mbele yangu. "Andika na ya jioni."

Nikaandika na ya jioni.